Likasi: Maji yaliyofungwa ndani ya mawe, kutoka bonde la Tshangalele mpaka kilomita 660 chini ya ardhi

Ukichukua kilo moja ya malakiti safi, lile jiwe la kijani ambalo wachongaji wa Likasi na Lubumbashi hulitengeneza kuwa mikufu, mayai na tembo wadogo wa kuuzia wageni, ukalisaga, ukalitia katika chungu na kuliweka juu ya makala yenye moto mkali, baada ya muda rangi ya kijani itapotea. Kitakachobaki ni unga mweusi. Ukiupima, utakuta gramu 720 hivi. Gramu 280 zimeondoka na hakuna aliyeziona zikienda. Karibu 200 kati yake zilikuwa hewa ya kaboni, ileile ambayo mtu huitoa akipumua. Gramu 80 zilizobaki zilikuwa maji.

Maji hayo hayakuwa yameloanisha jiwe. Malakiti ni kavu mkononi, na hata ukiianika kwenye jua la mwezi wa kumi, wakati Katanga yote inangojea mvua, haitapungua uzito. Maji yalikuwa sehemu ya jiwe lenyewe, kama vile chuma ni sehemu ya msumari. Ili kuyatoa, ilibidi jiwe life.

Mafundi wa mukuba wa Katanga walifanya kazi hiyo karne nyingi kabla ya reli na kabla ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Walikusanya jiwe la kijani, wakalipanga pamoja na makala katika tanuru za udongo, wakapuliza kwa mivukuto. Jiwe lilitoa kwanza maji na kaboni, likawa jeusi; kisha moto wa makala ukaondoa oksijeni, na mukuba mwekundu ukateremka chini ya tanuru. Huo ndio mukuba uliomiminwa kuwa misalaba midogo, iliyotumika kama feza na kama mali ya ndoa mbali sana na mafasi ilikotengenezwa. Misalaba mitatu kati ya hiyo ilichorwa kwenye bendera ya Katanga mwaka wa 1960. Mvuke wa maji yaliyotoka ndani ya jiwe ulipotelea angani pamoja na moshi.

Leo wataalamu wa elimu ya ardhi wanasema kwamba jambo lilelile, yaani maji kujificha ndani ya jiwe kavu, linatokea pia mamia ya kilomita chini ya miguu ya watu wa Likasi, chini ya ziwa Tshangalele na chini ya dunia yote. Na kiasi chake huenda kikapita maji ya bahari zote.

Habari hii ilipotangazwa mwaka wa 2014, magazeti mengi duniani yaliandika kwamba bahari imegunduliwa chini ya ardhi. Maneno hayo yanapendeza, lakini yanapotosha. Katika inchi ambamo akina mama na watoto wengi bado wanabeba bidoni ya lita 20 kichwani, kusikia kwamba kuna bahari chini kunaweza kumfanya mtu aulize kwa nini basi mashine za kuchimba visima haziongezi kina. Jibu linaanzia katika mawe ya Likasi yenyewe.

Maji yasiyomwagika

Maji yameundwa kwa hidrojeni mbili na oksijeni moja. Ndani ya malakiti hamna tone hata moja lililo zima. Kuna hidrojeni moja iliyoshikana na oksijeni moja, kama kipande cha maji kilichokatwa, na kipande hicho kimefungwa kwa mukuba na kaboni kwa mpangilio usiolegea. Moto mkali unapofika, vifungo vinakatika, vipande viwili vinakutana, maji kamili yanazaliwa na kuondoka kama mvuke. Kwa hiyo kusema kwamba jiwe lina maji ni njia fupi ya kusema kwamba lina vitu vya kutosha kutengeneza maji siku litakapovunjwa.

Fundi wa kujenga anaijua hali hii hata kama hajasoma kemia. Anapochanganya simenti, mchanga na maji, watu hudhani kwamba ukuta unakauka kwa sababu maji yote yanakwenda hewani. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji hayo inaingia katika simenti na kuwa jiwe pamoja nayo. Ndiyo maana fundi mwenye akili hunyunyizia matofali ya simenti maji kwa siku kadhaa, ili yasikauke kabla ya kushikana. Ukuta wa nyumba una maji ndani yake, na hakuna mtu anayeweza kuukamua. Ni vivyo hivyo kwa bukari: maji uliyoyachemsha yamo ndani, ila huwezi kuyamimina tena katika sufuria. (Mfano wa bukari una kasoro yake, kwa kuwa bukari ikiachwa inakauka. Mfano wa simenti ni bora.)

Kuna mafasi chache duniani ambamo mawe ya namna hii ni mengi na ya rangi nyingi kama katika ukanda wa Likasi, Kambove na Kolwezi. Sababu yake ni mvua na muda. Madini ya mukuba na kobalti yaliyozaliwa kwenye kina yalikuwa na salfa na hayakuwa na maji. Kwa mamilioni ya miaka maji ya mvua yalipenya, yakala yale mawe ya zamani, na kujenga mengine mapya karibu na uso wa ardhi. Mawe hayo mapya yalimeza sehemu ya maji yaliyoyatengeneza.

Heterojeniti ni mmoja wa watoto hao. Hilo ndilo jiwe jeusi la kobalti ambalo wachimbaji wa mikono hulipakia katika magunia na ambalo mwisho wake ni betri za simu na za magari ya umeme. Kama gunia la kilo 50 lingejaa heterojeniti tupu, lingekuwa limebeba karibu lita 5 za maji bila kuloa. Hakuna gunia safi namna hiyo, bila shaka. Udongo na mawe mengine ni sehemu kubwa ya uzito. Lakini hesabu inaonyesha jambo lenyewe.

Mji wa Likasi una hata jiwe la jina lake. Likasiti, jiwe la buluu lililoelezwa na wanasayansi mwaka wa 1955, ni mukuba ulioshikana na nitrojeni na maji. Kipushi ina kipushiti, Kolwezi ina kolweziti, na kornetiti ilipewa jina la Jules Cornet, Mbelgiji aliyetembea Katanga akichora ramani ya mawe yake katika miaka ya 1890. Yote manne yana maji au vipande vya maji katika muundo wao. Orodha ingeweza kuendelea kwa ukurasa mzima.

Halafu kuna Shinkolobwe, kilomita 20 hivi magharibi mwa Likasi. Uraniamu iligunduliwa huko mwaka wa 1915, na dunia inaujua mgodi huo kwa sababu ya mabomu ya Marekani ya mwaka wa 1945. Wanaojifunza mawe wanaujua pia kwa sababu nyingine. Katika miaka ya 1920, Alfred Schoep, mwalimu wa chuo kikuu cha Gent nchini Ubelgiji, alifungua masanduku ya mawe kutoka huko na kukuta, moja baada ya jingine, madini ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Aliyapa majina ya wakubwa wa elimu ya mionzi: bekereliti kwa Henri Becquerel, kuriti kwa Pierre Curie, sklodowskiti kwa Marie Skłodowska-Curie. Yote yana maji. Katika bekereliti, sehemu moja ya kumi ya uzito ni maji, ingawa jiwe hilo limejaa uraniamu, metali ambayo ni kati ya zile nzito kuliko zote.

Jiwe mojawapo la Shinkolobwe, lililopewa jina la Schoep mwenyewe, linaonyesha kwamba si kila kifungo kina nguvu sawa. Shoepiti ikitoka mgodini ina rangi ya asali. Ikiachwa tu katika kabati ya makumbusho, polepole inapoteza sehemu ya maji yake, rangi inafifia kuwa manjano, na jiwe linakuwa jingine lenye jina jingine. Maji yake ya kwanza yameshikwa kwa uzi; yale yanayobaki yameshikwa kwa mnyororo.

Onyo moja linafaa hapa kwa yeyote anayetaka kujaribu lile jaribio la chungu na makala. Katika eneo la Likasi, kijani si lazima kiwe malakiti. Kuna mawe ya kijani yenye mukuba na uraniamu pamoja, na jicho la kawaida haliwezi kuyatofautisha vizuri. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa kwa amri ya rais mwezi wa Januari mwaka wa 2004, na miezi michache baadaye shimo liliwaangukia watu waliokuwa wakiendelea kuchimba. Jiwe usilolijua halifai kusagwa wala kuchomwa jikoni.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kalemie, lakini kwenda chini

Kina cha shimo la tano la mgodi wa Kipushi ni mita 1,240. Shimo refu kuliko yote ambalo binadamu amechimba kwenda chini moja kwa moja liko Kola, kaskazini mwa Urusi. Lilifika mita 12,262 baada ya kazi ya miaka karibu ishirini. Ukililaza shimo hilo juu ya ardhi kuanzia katikati ya Likasi, halitafika Kambove.

Maji ambayo wataalamu wanayazungumzia yako kati ya kilomita 410 na 660 chini. Ili kupata picha, msomaji afikirie kwamba anaondoka Lubumbashi kwa mstari ulionyooka. Akifika Kamina ametembea karibu kilomita 420. Lubumbashi mpaka Kalemie ni karibu 660. Tabaka hilo, basi, linaanza mbali kama Kamina na linaishia mbali kama Kalemie, ila njia yote inashuka chini, na joto linapanda mpaka zaidi ya digrii 1,500. Uzito wa mawe yaliyo juu unabana kwa nguvu inayopita mara 200,000 ile ya hewa tunayopumua.

Kwa nguvu hiyo mawe hayawezi kubaki kama yalivyo huku juu. Jiwe la kijani-zeituni linaloitwa olivini, ambalo ndilo kubwa katika sehemu ya juu ya mwili wa dunia, linakunjwa na kupangwa upya. Kwanza linakuwa wadsleiti, na likishuka zaidi linakuwa ringwuditi. Jina la pili linatoka kwa Alfred Edward Ringwood, mtaalamu wa Australia. Jambo la kuchekesha ni kwamba jiwe hili la chini kabisa lilionekana mara ya kwanza katika kitu kilichotoka juu kabisa: kimondo kilichoanguka Tenham, Australia. Kugongana kwa mawe angani kulikuwa kumetoa kwa muda mfupi sana nguvu ambayo ardhi hutoa kwa uzito wake.

Mwaka wa 1987 Joseph Smyth, wa chuo kikuu cha Colorado huko Marekani, aliuchunguza mpangilio wa wadsleiti na kuona kwamba ndani yake kuna mafasi ambamo hidrojeni ingeweza kukaa vizuri. Baadaye, katika maabara, watu walibana na kuchoma vipande vidogo vya mawe haya pamoja na maji, na wakakuta kwamba wadsleiti na ringwuditi zinaweza kubeba maji mpaka asilimia 2 ya uzito wao na zaidi. Hiyo ilikuwa tu uwezo. Chupa kuweza kubeba lita moja hakumaanishi kwamba ina kitu ndani. Ilibidi mtu alete ringwuditi ya kweli kutoka chini.

Iliyoileta ilikuwa almasi mbaya. Mwaka wa 2008, katika eneo la Juína, nchini Brazili, wachimbaji wa mikono waliokuwa wakichekecha changarawe ya mto walipata kipande kidogo cha almasi chenye rangi ya kahawia na sura isiyovutia. Kilinunuliwa kwa dola 20 hivi. Katika soko la Mbuji-Mayi hakuna mtu ambaye angekigombania. Lakini Graham Pearson na wenzake wa chuo kikuu cha Alberta, Kanada, walikuwa wakitafuta kitu kingine ndani yake, na mwanafunzi wao John McNeill ndiye aliyekiona: chembe ya ringwuditi, ndogo kuliko upana wa unywele, iliyofungwa ndani ya almasi kama mdudu ndani ya utomvu mkavu. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwezi wa Machi 2014. Chembe hiyo ilikuwa na maji karibu asilimia 1.5 ya uzito wake.

Almasi ina ugumu ambao haukuruhusu jiwe hilo kulegea na kurudi kuwa olivini wakati wa safari ya kupanda juu. Bila gereza hilo, ushahidi ungekuwa umepotea njiani. Mwaka wa 2022 almasi nyingine, hii kutoka mgodi wa Karowe nchini Botswana, ilikutwa na ringwuditi pamoja na madini mengine ambayo hukaa pamoja tu kwenye kina cha karibu kilomita 660, na maji yalikuwamo tena. Kwa hiyo jambo la Juína halikuwa la Brazili peke yake.

Njia nyingine ya kutazama chini ni kusikiliza. Tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko lenye nguvu ya 6.8 lilipiga eneo la ziwa Tanganyika karibu na Kalemie. Watu wa huko wanakumbuka nyumba zilizoanguka. Mitikisiko ya tetemeko kama hilo haiishii katika mji. Inapita ndani ya dunia na kuandikwa na vyombo katika mabara mengine. Ikipita katika jiwe lenye joto, lenye maji au lililoyeyuka kidogo, mwendo wake unapungua. Miezi mitatu baada ya habari ya almasi ya Juína, Steven Jacobsen na Brandon Schmandt walichapisha kazi iliyotumia vyombo vingi vilivyotandazwa Marekani. Waliona dalili kwamba, chini kidogo ya kilomita 660, mawe yanayoshuka yanayeyuka kidogo, kama vile yanalazimishwa kuacha maji ambayo tabaka la chini haliwezi kuyabeba.

Kama tabaka lote lingekuwa na maji asilimia 1 tu, hesabu inafika karibu mara tatu ya maji ya bahari zote za juu. Hapo ndipo wataalamu wanapobishana. Chembe mbili za almasi na mitikisiko ya chini ya bara moja hazitoshi kuhukumu dunia nzima, na kuna wanaoamini kwamba baadhi ya sehemu za tabaka hilo ni kavu. Makadirio yanatoka chini ya bahari moja mpaka bahari kadhaa.

Namna yanavyoshuka na kupanda

Maji hayo yanafikaje huko? Kwa sehemu, yanapelekwa. Sakafu ya bahari kubwa, hasa pembeni mwa Pasifiki, inazama chini ya mabara kwa mwendo wa sentimita chache kila mwaka, karibu kama kucha zinavyokua. Mawe ya sakafu hiyo yamekaa ndani ya maji kwa mamilioni ya miaka na yamegeuka kuwa madini yenye maji, kwa namna ileile ambayo mvua iligeuza mawe ya Katanga. Yanaposhuka, mengi yanachomwa na kutoa maji yake njiani, na maji hayo yanafanya mawe ya karibu yayeyuke kwa joto dogo kuliko kawaida. Ndiyo asili ya milima ya moto inayozunguka Pasifiki. Sehemu nyingine inashuka mpaka chini kabisa. Maji mengine huenda yalikuwa ndani tangu dunia ilipoundwa.

Kongo haina sakafu ya bahari inayozama chini yake, lakini inayajua maji yanayopanda. Wakaaji wa Goma wanaoutazama mlima Nyiragongo huona moshi mweupe, na mara nyingi huufikiria kuwa moshi wa moto. Sehemu kubwa zaidi ya gesi inayotoka humo ni mvuke wa maji, ikifuatwa na kaboni. Gesi hizo husaidia kuisukuma juu lava kama ile iliyoingia mjini mwezi wa Januari 2002 na ile ya Mei 2021, kama katika chupa ya bia iliyotikiswa.

Katanga pia ina ushahidi wake, na hauko mbali na Tshangalele. Mashariki mwa bonde la Lufira unasimama uwanda wa juu wa Kundelungu, wenye hifadhi ya taifa na maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya mita 300. Juu ya uwanda huo kuna mabomba ya kimberliti, jiwe lile linalobeba almasi Mbuji-Mayi. Yalipanda zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita kutoka kina kinachopita kilomita 100, kwa haraka, yakisukumwa na kaboni na maji. Almasi zake hazikuwafurahisha waliozitafuta. Lakini mawe yenyewe yana madini yaliyobeba maji ndani yake, sehemu yake ikiwa imepanda kutoka huko chini.

Je, mtu anaweza kuyafikia yale ya chini kabisa kwa kisima? Tuseme kwamba, kwa muujiza, mita moja ya ujazo ya ringwuditi imeletwa Likasi, na ina maji asilimia 1. Ungepata kiasi cha bidoni mbili zisizojaa, na ungelazimika kuchoma zaidi ya tani tatu na nusu za mawe ili kuyatoa. Na muujiza wenyewe haupo. Kola walisimama kwenye kilomita 12 kwa sababu mawe yalikuwa na joto la digrii 180 na yalikuwa yakianza kuziba shimo kama tope. Mafasi wanayoyazungumzia iko mara hamsini mbali zaidi.

Maji yanayotoka katika visima vya Likasi, na yale ambayo Kipushi ilipigana nayo kwa miaka mingi, ni ya aina nyingine kabisa. Hayo ni maji mazima, ya mvua, yaliyojaa katika nyufa na mapango ya mawe ya dolomi. Pampu za Kipushi ziliposhindwa mwaka wa 2011, mgodi ulifurika. Ilichukua muda mrefu kuyashusha maji tena. Maji hayo yanaweza kuvutwa, kunywewa, kuisha na kuchafuliwa. Kuyachanganya na yale yaliyofungwa katika mawe ni kama kuchanganya feza iliyo mfukoni na feza iliyomiminwa ndani ya msingi wa nyumba.

Ziwa lenye kina cha mita chache

Tshangalele ni maji ya mfukoni. Ziwa hili, mashariki mwa Likasi, halikuwapo kabla ya ukoloni. Lilizaliwa baada ya mto Lufira kuzibwa huko Mwadingusha, mafasi ya maporomoko yaliyoitwa Cornet, ili kupata umeme wa kusafishia mukuba. Kituo cha Mwadingusha kilianza kazi mwaka wa 1930, kikazeeka, na mashine zake zilifanywa upya kufikia mwaka wa 2021. Maji yamelala juu ya bonde tambarare, kwa hiyo ziwa ni pana kwa mamia ya kilomita za mraba, lakini kina chake cha wastani ni mita chache tu. Lina mabwawa ya matete, ndege wengi, na vijiji vinavyoishi kwa samaki. Bonde la Lufira liliingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi za uhai mwaka wa 1982.

Mito inayopita Likasi, Panda ikiwa mmojawapo, inamimina katika Lufira na kufika ziwani. Na Likasi ni mji ambamo, tangu viwanda vilipofunguliwa, kazi kubwa ni kuvunja mawe yale yenye maji. Siku hizi havitumii moto peke yake. Malakiti iliyosagwa inamwagiwa asidi. Jiwe linachemka, linatoa kaboni yake, linaachia maji yake, na mukuba unabaki ukielea katika kioevu cha buluu tayari kwa umeme kuushika. Ni kazi nzuri inapofanywa ndani ya matangi yaliyofungwa. Kila kinachovuja, na kila tope la mabaki linalosombwa na mvua, kinakwenda mtoni. Vipande vya maji vilivyokaa ndani ya jiwe kwa mamilioni ya miaka vinarudi kuwa maji, vikiwa vimeongozana na kobalti, mukuba na metali nyingine ambazo jiwe lilikuwa limezishika.

Mwaka wa 2009 watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kobalti waliyoikuta ilikuwa kati ya viwango vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida wasiofanya kazi kiwandani. Mwaka wa 2016 kikundi kingine kilichapisha vipimo vya metali katika samaki wa Tshangalele na kuonya kuhusu hatari kwa wale wanaokula samaki hao mara kwa mara. Samaki hao hawauzwi kando ya ziwa tu. Wanafika katika masoko ya Likasi, wakiwa wabichi, wakavu au wa moshi, na hakuna anayeweza kuitambua kobalti kwa jicho wala kwa ulimi. Kuchemsha hakuiondoi.

Asidi iliyofika ziwani haibaki asidi kwa muda mrefu. Mawe ya dolomi ya bonde yanaipunguza makali, na metali zinaanza kuacha maji na kuanguka chini. Zikianguka, zinashikana na oksijeni na hidrojeni, yaani na vipande vya maji, kama zilivyofanya zamani katika mawe ya Kambove na Likasi. Sakafu ya Tshangalele inatengeneza polepole madini yake yenye maji, laini bado, kama ute wa rangi ya kahawia na kijani, katika tope ambamo kambale hutafuta chakula.